Herufi Jirani

Mwaka 1978, jibu la kipimo lilikuja kama mstari mweusi kwenye filamu ya eksirei. Mstari ukikaa juu, karibu na pale vipande vilipoanzia safari yake, basi kipande cha DNA kilikuwa kirefu, chenye herufi zipatazo 13,000. Ukikaa chini zaidi, kilikuwa kifupi, herufi 7,600 hivi. Filamu haikuonyesha zaidi ya hapo. Kwa mistari hiyo, Yuet Wai Kan na Andrée Dozy wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walianza kutambua kama mtoto aliyemo tumboni amerithi selimundu kwa baba na mama. Walipima seli zilizoelea kwenye maji ya uzazi, bila kuchukua hata tone la damu ya mtoto mwenyewe.

Naandika kuwasifu watu wa kazi hiyo: wale wanaoufuata ugonjwa wa kurithi kwa kuangalia tofauti ndogondogo za vinasaba, ambazo nyingi hazimdhuru mtu wala hazimfaidii. Heshima kubwa huenda kwa anayeleta dawa, na kwa anayeshika kisu chumba cha upasuaji. Mfuata alama hana cha kumwonyesha mgonjwa ila karatasi yenye mistari na mti wa ukoo wake. Lakini mwenye dawa asingejua aanzie wapi kama huyu hakutangulia, na kwa upande wetu wa dunia bado hatujampa nafasi anayostahili.

Tuanze na filamu yenyewe, maana ufundi wote umo humo. Damu ikishachukuliwa, seli nyeupe hutengwa, hupasuliwa kwa dawa, kisha humiminiwa alkoholi baridi. Hapo DNA huonekana kwa macho: nyuzinyuzi nyeupe, laini, zinazoweza kuzungushiwa kijiti cha kioo. Baadaye hutiwa kimeng'enya kilichotolewa kwa bakteria, ambacho hukata DNA mahali pa aina moja tu, kila kinapokuta herufi sita zimepangana GTTAAC. Kikikosa herufi moja kati ya hizo sita, hakikati. Vipande hivyo huwekwa kwenye jeli na kupitishiwa umeme. Vifupi hukimbia mbele, virefu hubaki nyuma. Njia ya kuvihamisha kutoka kwenye jeli hadi kwenye karatasi, vikiwa vimekaa vilevile kwa mpangilio wake, ilibuniwa na Edwin Southern kule Edinburgh na kuchapishwa mwaka 1975. Karatasi humwagiwa kipande cha jeni kilichotiwa mionzi, ambacho hunasa kwenye mwenzake na kuacha mamilioni ya vipande vingine. Kisha filamu hulazwa juu ya karatasi, vyote vikafungiwa gizani ndani ya friji kali, na fundi akasubiri kwa siku kadhaa. Hana la kuharakisha.

Walichokiona Kan na Dozy ni kwamba kwa watu fulani wenye asili ya Afrika, kimeng'enya kilipitiliza mahali ambapo kwa wengine kilikata. Mahali hapo palikuwa na badiliko dogo, nje kabisa ya jeni inayotengeneza himoglobini, umbali wa herufi kama 5,000 kutoka mwisho wake. Badiliko hilo halipindi chembe ya damu. Halimuumizi mtu. Anaweza kuishi nalo hadi uzeeni asijue kama analo. Selimundu yenyewe inatokana na herufi nyingine kabisa, ndani ya jeni, ambapo mahali pa A imekaa T. Kwa hiyo tofali moja la protini, lile la sita, linabadilika kutoka asidi ya glutamiki kuwa valini. Vernon Ingram alikuwa ameshalionyesha hilo kwenye protini huko Cambridge miaka ya 1956 na 1957. Lakini mwaka 1978 haikuwa rahisi kuisoma herufi hiyo moja ndani ya DNA ya kila mtu. Ikabidi wamfuate jirani yake. Na kwa Wamarekani weusi waliopimwa, jirani huyo alikuwa mwaminifu: kipande kirefu kilijitokeza kwa wengi mno wa waliobeba selimundu, na kwa wachache sana wa wasioibeba.

Kwa nini majirani waandamane? Fikiria nyuzi mbili za shanga, moja umepewa na baba, nyingine na mama. Mwili wako unapotengeneza yai au mbegu, hautoi uzi mmoja mzima kama ulivyoupokea. Huzikata zote mbili mahali pamoja, mara chache tu kwa urefu wote, kisha huunganisha kichwa cha uzi mmoja na mkia wa mwingine. Shanga zilizo mbalimbali huachana upesi. Zile zinazogusana huendelea kuwa pamoja kizazi baada ya kizazi, kwa sababu mkasi una mahali pengi sana pa kuangukia kabla haujaangukia katikati yao. Basi ukiona shanga ya kijani imeandamana na ugonjwa kwa bibi, kwa mama na kwa mtoto, huku wale wasio nayo wakiwa wazima, umejua mtaa ambao ugonjwa unakaa, hata kama mlango wenyewe hujaupata.

Kazi hiyo ina hatari yake, na hatari hiyo ilijionyesha hapa kwetu. Mwaka 1980 Kan na Dozy walichapisha matokeo ya damu kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Afrika Magharibi, selimundu iliandamana na kipande kirefu kama walivyokwisha kuona Marekani, jambo lisiloshangaza, kwa kuwa mababu wa Wamarekani wengi weusi walitolewa huko. Lakini damu ya Kenya ilikuwa tofauti: huku selimundu ilikaa kwenye kipande kifupi, kile kile cha 7,600 ambacho watu wengi wasio na ugonjwa wanacho. Fikiri fundi mwenye bidii lakini asiyejua habari hiyo, anampima mtoto wa Mombasa au wa Kisumu kwa alama iliyothibitishwa kwa watu wengine. Filamu ni safi, mstari umetulia mahali pake, na jibu analompa mama si la kweli. Kimeng'enya hakikukosea wala filamu haikukosea. Kilichokosekana ni kuwajua watu.

Kwangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika ufundi huu. Alama haina maana yenyewe peke yake. Inapata maana ndani ya ukoo, na ndani ya watu ambao ukoo huo umo. Mwenye mashine nzuri asiyejua nani kazaliwa na nani, na waliotangulia walitoka wapi, hana alichonacho.

Tofauti ile ile iliyowasumbua wapimaji iliwapa wanahistoria kitu cha kushika. Mwaka 1984 timu iliyotumia alama nyingi kwa pamoja, si moja tu, ilionyesha kwamba selimundu ya Afrika imezungukwa na mipangilio ya herufi isiyofanana: mmoja umeenea Senegali, mwingine Benini, mwingine kwa watu wa Afrika ya Kati na Kusini wanaosema lugha za Kibantu. Baadaye Kamerun ilionekana kuwa na wake, na upo wa Waarabu na Wahindi. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba ugonjwa ulizuka mara kadhaa, kila mahali kivyake. Mwaka 2018 Daniel Shriner na Charles Rotimi walisoma herufi zote za sehemu hiyo, wakaona dalili kwamba chanzo ni kimoja: mtu mmoja, takribani miaka 7,300 iliyopita, na mipangilio yote hiyo ni matawi yaliyochipuka baadaye watu walipotawanyika na nyuzi zilipoendelea kukatwa na kuungwa. Nawaheshimu waliosema mwanzo na waliosahihisha baadaye. Wote walikuwa wakisoma alama zilizokuwapo mezani kwao.

Oman ina mipangilio mitatu kwa pamoja, wa Benini, wa Kibantu na wa Waarabu na Wahindi. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa sana. Majahazi yaliyofuata kaskazi na kusi yalibeba boriti za mikoko na karafuu, yakabeba watumwa, yakabeba wake na watoto, na ndani ya damu yao zilivuka herufi ambazo leo zinasomwa kwenye maabara ya Muscat. Familia zinaweza kunyamazia upande mmoja wa asili yao kwa vizazi vingi. Herufi hazinyamazi, na anayezisoma anatakiwa kuwa na adabu katika kusema alichokiona.

Nimtaje pia Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini akakulia Kenya, ingawa yeye hakuwa na DNA ya kukata. Mwaka 1949 alizunguka Kenya akikusanya damu, akaona waliobeba selimundu ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni wachache nyanda za juu penye baridi. Ramani hiyo ilimkumbusha mbu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba anayerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu anapata kinga dhidi ya malaria. Hicho ndicho kinachoeleza kwa nini herufi inayoua watoto haikufutika: kwa kila mtoto aliyepotea kwa kurithi mbili, walikuwapo ndugu waliopona malaria kwa kurithi moja.

Kwa selimundu, angalau jeni ilikuwa inajulikana. Ujasiri wa kazi hii unaonekana zaidi pale ambapo hakuna kinachojulikana. Mwaka 1980 David Botstein, Raymond White, Mark Skolnick na Ronald Davis walitoa hoja kwamba alama 150 hivi, zikitapakaa vizuri kwenye kromosomu zote, zingetosha kuutafuta ugonjwa wowote wa kurithi, hata usiojulikana unaharibu nini mwilini. Kilichohitajika ni familia kubwa, yenye wagonjwa na wazima, na watu wenye subira ya kuiandika.

Familia hiyo ilikuwa Venezuela, kwenye vijiji vya wavuvi kando ya Ziwa Maracaibo. Daktari wa huko, Américo Negrette, alikuwa ametambua miaka ya 1950 kwamba watu ambao majirani waliwadhania walevi, kwa jinsi walivyoyumba na kurusharusha mikono, walikuwa na ugonjwa wa Huntington. Ugonjwa huo huanza mtu akiwa mtu mzima, mara nyingi ameshazaa, na kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuurithi. Kuanzia mwaka 1979 Nancy Wexler, Mmarekani ambaye mama yake aliugua na kufa kwa ugonjwa huohuo, alikuwa akienda huko kuuliza: wewe ni mtoto wa nani, na mama yako alizaliwa na nani, na ndugu zako wako wapi. Mti wa ukoo uliandikwa, ukabandikwa ukutani, ukaongezwa mwaka hadi mwaka hadi ukafikia watu zaidi ya 18,000 wa vizazi kumi.

Watu wa Maracaibo hawakutoa damu na vipande vya ngozi kwa mgeni kwa sababu tu ameomba. Walitaka kujua kwa nini Wamarekani wawatafute wao na si watu wa kwao. Wexler aliwaeleza kwamba ugonjwa huo uko kwao pia, na kwamba uko nyumbani kwake. Hawakuamini, mpaka muuguzi mmoja alipomshika mkono akazunguka naye chumbani, akiwaonyesha kovu dogo pale ambapo ngozi ya Wexler nayo ilikatwa kwa ajili ya utafiti. Basi walianza kukunja mikono ya mashati.

Huko Boston, James Gusella alianza kupitisha alama moja moja kwenye damu hizo. Wengi waliamini kazi hiyo ingechukua miaka mingi sana. Mwaka 1983, kati ya alama kumi na mbili za mwanzo tu, moja iliyoitwa G8 ilionekana kuandamana na ugonjwa ndani ya ukoo wa Maracaibo, ugonjwa ukajulikana kuwa unakaa kwenye kromosomu ya 4. Ulikuwa ugonjwa wa kwanza wa aina hiyo kufuatwa kwa alama za DNA bila kujua lolote kuhusu jeni yenyewe. Wapo wanaosema ni bahati. Bahati ilikuwapo, lakini ilikuta mti wa ukoo umekwisha kuandikwa. Na baada ya bahati hiyo ilibidi watafute miaka kumi mingine, hadi mwaka 1993, ndipo timu sita zilizofanya kazi kwa pamoja zikaupata mlango wenyewe: herufi CAG zinazojirudia mfululizo kupita kiasi. Zikijirudia mara 40 au zaidi, mtu huyo atauugua.

Katika miaka hiyo kumi kipimo kilikuwapo, na kilikuwa cha ajabu: mtu hakuweza kupimwa peke yake. Ili kujua ni shanga ipi inayoandamana na ugonjwa katika ukoo wake, ilibidi damu ya mzazi mgonjwa ipatikane, na ya shangazi, na ya ndugu wazima. Aliyetaka kujua hatima yake ilimpasa awaendee jamaa ambao pengine walikuwa hawataki kujua yao. Wexler mwenyewe alitangaza mwaka 2020 kwamba naye ameurithi ugonjwa wa mama yake.

Mti wa ukoo bado ni chombo cha kwanza, na uzuri wake ni kwamba unahitaji kalamu na karatasi tu. Nimeuona ukichorwa kwenye kliniki ya selimundu. Mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, mstari wa kulala ni ndoa, wa kusimama ni uzao. Mgonjwa hujazwa wino mzima. Aliyebeba bila kuugua hujazwa nusu. Mhudumu anayeijua kazi yake hatangulizi neno ugonjwa. Anamwambia mama, "Hebu tuwahesabu watoto wote, hata waliotangulia mbele za haki," na mama anawataja kwa mpangilio, yule wa kwanza aliyevimba vidole akiwa na miezi minane, yule wa tatu aliyeishiwa damu usiku mmoja, huku duara na miraba ikijazwa wino mmoja baada ya mwingine. Mara nyingi mama huyo amekwisha kulaumiwa na wakwe kwamba tumbo lake lina kasoro, au kwamba kwao kuna uchawi. Kisha karatasi inageuzwa ili aione. Juu ya kila mtoto aliyejazwa wino kuna mistari miwili: mmoja unakwenda kwa mama huyo, mmoja unakwenda kwa mumewe, na wote wawili wamejazwa nusu sawasawa. Sijaona hotuba inayoweza kufanya kilichofanywa na mchoro huo.

Hapo pia husahihishwa kosa la hesabu linalozivunja nyumba nyingi. Wazazi wawili waliobeba wakiambiwa mtoto mmoja kati ya wanne huugua, husikia kwamba akishazaliwa mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata watakuwa salama. Haiko hivyo. Kila mimba huanza upya na nafasi ile ile, moja kati ya nne, kana kwamba hakuna mtoto aliyewahi kuzaliwa. Tanzania inakadiriwa kupata watoto kati ya 8,000 na 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na wengi wa wazazi wao hawajawahi kugeuziwa karatasi ile.

Narudi kwenye alama na udanganyifu wake, kwa sababu upo mfano ambao wanafunzi wote wa kazi hii wanapaswa kuujua. Wamarekani weusi hupata baadhi ya magonjwa ya figo zaidi kuliko weupe, na mwaka 2008 wafuata alama waliona tofauti fulani kwenye kromosomu ya 22 zimeandamana na figo zinazokufa. Tofauti hizo zilikuwa ndani ya jeni iitwayo MYH9, na jeni hiyo ikabebeshwa lawama. Makala zikaandikwa. Mwaka 2010 ikabainika kwamba mwenye kosa ni jirani, jeni iitwayo APOL1, iliyo ubavuni kabisa mwa MYH9. Kilichofichua ukweli ni orodha za herufi za Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, zilizokuwa zimesomwa kwa kina na kuwekwa wazi kwa watafiti wote. Ndani yake zilikuwamo herufi za APOL1 ambazo kwa Wazungu karibu hazipo, kwa hiyo ramani zilizotegemea Wazungu hazikuwa na habari nazo. Na tena kisa kile cha Allison kikajirudia: protini ya APOL1 huua vimelea vya malale, na zile zenye herufi hizo hukabili hata malale ya aina ya rhodesiense, ambayo ndiyo ya huku kwetu Afrika Mashariki. Mtu anaponywa malale leo kwa herufi ambazo zikiwa mbili zitamdai figo kesho.

Siku hizi filamu na friji kali vimestaafu. Kipande cha kioo kidogo kuliko kiganja husoma mamia ya maelfu ya tofauti za herufi moja moja kwa mkupuo. Kati ya watu wawili wasio ndugu, herufi kama moja kwa kila 1,000 haifanani, na tuna herufi bilioni tatu, kwa hiyo alama hazitakwisha. Mradi wa kimataifa wa HapMap ulioanza mwaka 2002 uliziorodhesha tofauti hizo, mwanzoni kwa Wayoruba, Wajapani, Wachina na Wamarekani wenye asili ya Ulaya, na baadaye ukawaongeza Waluhya wa Webuye na Wamasai wa Kinyawa, Kenya. Nayataja majina hayo kwa furaha kwa sababu watafiti wa dunia nzima huyatumia kila siku, na watu wa Webuye wenyewe pengine hawajaambiwa ni kwa kiasi gani damu yao imefanya kazi.

Kwa selimundu, kioo hicho kilijibu swali la zamani. Mwaka 1948 Janet Watson, daktari wa watoto kule Brooklyn, alishangaa kwamba watoto wachanga waliorithi selimundu hukaa miezi ya mwanzo bila kuugua, akahisi ni kwa sababu bado wana himoglobini ya tumboni. Wapo watu wachache ambao himoglobini hiyo haiishi. Wakiwa na selimundu, huugua kidogo. Ni nini kinachowatofautisha? Mwaka 2007 Swee Lay Thein na wenzake wa London walilinganisha herufi za wenye nyingi na wenye kidogo, wakaelekezwa kwenye jeni moja ya kromosomu ya 2, BCL11A, ambayo hakuna aliyekuwa akiishuku. Mwaka uliofuata watafiti waliopima watu wa kisiwa cha Sardinia wakafika mlango huohuo. Jeni hiyo ndiyo inayoizima himoglobini ya tumboni mtoto akishazaliwa. Miaka mitano baadaye, Daniel Bauer na Stuart Orkin wa Boston na wenzao walionyesha kwamba herufi zenyewe zimekaa kwenye swichi inayoiamuru BCL11A ndani ya chembe nyekundu tu. Na mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayoikata swichi hiyo hiyo ndani ya seli za mgonjwa, ili himoglobini ya utotoni irudi. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa bei hiyo haijatufikia, na naona uchungu kuiandika namba hiyo kwenye makala moja na takwimu za watoto wetu.

Lakini kuna kazi nyingine inayofanyika Dar es Salaam, na hiyo haihitaji mamilioni ya dola kwa kila mtu. Muhimbili, Julie Makani na wenzake wamekuwa wakiwafuatilia wagonjwa wa selimundu tangu mwaka 2004. Mwaka 2011 walichapisha uchunguzi wa himoglobini ya tumboni kwa wagonjwa wa Tanzania. BCL11A ilikuwapo, ikifanya kazi yake. Sehemu nyingine inayoathiri himoglobini hiyo, iliyo kwenye kromosomu ya 6, nayo ilikuwa na nguvu, ila kwa namna iliyowatatiza: alama zilizopatikana kwa Wazungu hazikuifuata vizuri kwa Watanzania. Herufi inayofanya kazi ipo. Jirani aliyezoeleka Ulaya ndiye ambaye huku haandamani nayo. Mwaka 2014 wakarudi na wagonjwa zaidi ya 1,200 wa Tanzania wenyewe, wakapekua kromosomu zote badala ya kuazima alama za watu wengine.

Sehemu kubwa ya tofauti kati ya mgonjwa na mgonjwa bado haijapatiwa maelezo. Kwa nini dada na kaka waliorithi herufi zilezile, mmoja analazwa kila masika na mwingine anamaliza chuo bila kulazwa? Majibu yamo kwenye damu za watu wa Kagera, Tabora, Pemba, Kilifi na Bunia, ambao ni wakongwe kuliko watu wa mabara mengine, hivyo nyuzi zao zimekatwa na kuungwa mara nyingi zaidi, na majirani waliobaki pamoja ni wale wanaogusana kabisa. Kwa mfuata alama hiyo ni neema, kwa kuwa alama ikiandamana na ugonjwa kwa Waafrika, mlango hauko mbali. Kazi inataka vijana wanaojua hesabu na kompyuta, na wanaoweza kukaa na mzee barazani wakamuuliza mama yake mzazi alikuwa mtoto wa nani, naye akawajibu bila hofu.